Sumaku tumboni haisukumwi na ugali

Mtaani Ujiji mtoto akimeza kitu, ushauri ni uleule: mshindilie matonge ya ugali, kitatoka chooni. Sarafu ikishafika tumboni mara nyingi hutoka kweli, hata bila ugali. Lakini sumaku mbili, au sumaku na kipande cha chuma, ni habari nyingine. Zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo hunasana, zikabana kuta zilizo katikati mpaka damu isipite. Nyama inakufa, utumbo unatoboka. Mwanzoni mtoto anaweza kucheza kama kawaida, na hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Usimtapishe, usimlishe. Mwahishe hospitali, Maweni kwa mfano, apigwe eksirei. Zikiwahiwa kwenye mfuko wa chakula, huweza kutolewa kwa mpira wenye kamera kupitia mdomoni. Zikishapita, pengine ni kisu.