Kabla hujanunua daiodi ya tatu ya leza, pima draiva

Wiki iliyopita kaja kijana mmoja hapa Ngamiani, Tanga, na mashine yake ya kuchora mbao kwa leza, ile ya mwanga wa bluu unaotoka kwenye kidude kidogo kinachoitwa daiodi. Yeye kazi zake anafanyia Raskazone, karibu kabisa na bahari, anachora majina ya maharusi kwenye vibao. "Shikamoo kaka, hizi daiodi wananiuzia feki, hii ya pili sasa na haijamaliza hata wiki mbili." Marahaba, nikamwambia weka hapo mezani na usinunue ya tatu kwanza. Maana mimi daiodi mbili zikifa mfululizo kwenye mashine moja siendi kwenye habari za feki, naanza na draiva, ile bodi inayoilisha daiodi umeme.

Nikaiwasha ile iliyokufa kwa umeme mdogo. Inawaka! Ila mwanga umefifia na umesambaa kama taa ya kawaida, hauunguzi hata karatasi. Hiyo alama muishike sana. Daiodi ya leza ikipigwa na ampea nyingi, hata kwa sehemu ya milioni ya sekunde tu, uso wake wa mbele pale mwanga unapotokea unaungua, na ule uso ndo kioo kinachorudisha mwanga ndani mpaka ujijenge kuwa leza. Kioo kikienda inabaki LED. Kwa hiyo nikajua imeuawa na mruko wa ampea, swali mruko umetoka wapi.

Sasa kuna kosa naliona sana, fundi anaweka mita kwenye output ya draiva, pale umeme unapotokea, ikiwa tupu anaona volti 12 anasema nzima hii. Draiva ya leza kazi yake ni kushikilia ampea, volti inazipandisha na kuzishusha yenyewe kufuata mzigo, kwa hiyo ikiwa tupu haikwambii kitu. Lazima uipe mzigo. Na usiipe daiodi nzima ya leza kama chambo jamani, hiyo hela ya mtu.

Mzigo wangu wa bandia ni daiodi 4 za kawaida, 1N5408, nazipanga moja baada ya nyingine, mwisho naunga resista, kile kidude cha kuzuia umeme, ya omu 1 ya wati 5. Kwenye ampea 1.2 zote pamoja zinakula volti kama 4 na nusu hivi, karibu sawa na daiodi ya bluu. Mita naiweka juu ya ile omu 1, kila milivolti 1 ni miliampea 1, hesabu imeisha.

Draiva ya kijana imesetiwa ampea 1.2. Mita ikasoma milivolti 1195, nikaiacha nusu saa mpaka bodi ikapata moto, bado 1190 na kitu, imetulia kabisa. Nikashika waya unaokwenda kwenye kichwa cha leza, kile kinachotembea kutwa nzima kushoto kulia, nikautikisa pale kwenye plagi. Ikashuka sifuri, ikarudi. Nikachomoa plagi, pini zimeota kijani. Upepo wa bahari huo, chumvi.

Na hapa ndo kuna utamu wenyewe. Plagi ikiachia, draiva inaona ampea hamna, inahangaika kuziongeza, inapandisha volti mpaka mwisho kwenye 12 na kapasita ya output, kile kidude kinachotunza chaji, inajaa. Plagi ikigusa tena ile chaji yote inamwagika kwenye daiodi kwa mpigo mmoja na draiva haina namna ya kuizuia kwa sababu kapasita imekaa mbele yake. Mita haiwahi kuona. Nikaweka oskiloskopu, kile kipimo kinachochora umeme kwenye skrini, kwenye omu 1 nikatikisa tena, ukatokea mwiba mwembamba mpaka karibu volti 6, yaani ampea 6 kwenye kitu cha ampea 1.2! Kijana alikuwa amesimama pembeni, akakaa kimya anaangalia tu ile skrini.

Nikakata plagi zote mbili nikaunga waya mpya moja kwa moja kwa risasi ya kulehemu, nikasafisha bodi kwa spiriti na kupaka vanishi juu. Kwenye output nikaongeza resista ya kumwaga chaji umeme ukizimwa. Siku zote kabla ya kuunga daiodi nazigusanisha kwanza nyaya za output, umeme umezimwa, ndo naunga. Ingekuwa plagi haina shida ningeenda kwenye resista ya kupimia ampea iliyo kwenye draiva, risasi yake ikipasuka draiva inapoteza hesabu, au kapasita iliyokauka.

Miwani ya kuvaa ukiwasha leza ni ile ya leza ya bluu iliyoandikwa kuwa inazuia nanomita 450, ya jua haizuii kitu. Hata mwanga uliogonga saa ya mkononi ukarudi unaua jicho.

Nimemwambia kila mwezi aniletee niutikise ule waya.