Simba anayefyata mkia: kumsaidia mbwa mwoga

Mzee mmoja alituletea mbwa kliniki, hapa Morogoro, kwa bodaboda. Mbwa alikuwa ndani ya gunia, kichwa tu ndicho kimetoka. Jina lake Simba, kama mbwa wengi wa mji huu. Tulipomtoa kwenye gunia alijikunyata chini ya benchi, akafyata mkia na kujikojolea. Mzee akasema kwa uchungu, "Daktari, mimi nilitaka mlinzi. Huyu hata fagio anakimbia!"

Nikamuuliza alimleaje. Alimchukua akiwa na wiki tano hivi, akamfungia bandani nyuma ya nyumba ili asizoee watu, kwa kuwa akizoea watu atakuwa mpole. Chakula alisukumiwa chini ya mlango. Na kwenye uji alitiliwa pilipili awe mkali. Habari hii naisikia mara kwa mara, na jibu langu halibadiliki: kwa malezi hayo hupati mlinzi, unapata mwoga mwenye meno. Pilipili itamuunguza tumbo tu. Bangi, ambayo wengine huwapa mbwa kwa imani hiyo hiyo, ni sumu kwao.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, mtoto wa mbwa anajifunza dunia ikoje. Atakayekutana naye au atakachokiona katika umri huo bila kuumizwa, atakizoea: watoto, kanzu, mwavuli, kuku, mkokoteni wa maji. Asichokiona hukiogopa baadaye. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kulea watoto wa mbwa ndani ya uzio mkubwa bila kuwazoesha watu. Waliofika wiki ya 14 bila kushikwa na binadamu walikuwa kama wanyama wa porini. Banda la mzee lilifanya kazi ile ile.

Halafu kuna mawe. Inama mbele ya mbwa yeyote wa mtaani, hata kama unafunga kamba ya kiatu, uone atakavyotimua mbio. Hajui habari za viatu. Anajua mtu akiinama, jiwe linakuja.

Mbwa mwenye hofu huzungumza muda mrefu kabla ya kung'ata. Analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso, analaza masikio, weupe wa macho unaonekana, au anaganda kama gogo. Akipuuzwa, ananguruma. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea kwa kumchapa. Ukimchapa mbwa kwa kunguruma, hofu haiondoki. Umemfundisha tu kwamba asitoe onyo, na siku nyingine ataanza na meno. Aliyefungwa mnyororo ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu njia ya kukimbia ameshanyimwa.

Sasa, tiba. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi mtoto mdogo aliyeitwa Peter alivyoacha kuogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa karibu, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Karne imepita na kwa mbwa bado hatuna njia inayoishinda hiyo.

Kwa Simba tulianza na fagio la chelewa. Tulililaza chini, hatua kumi kutoka alipo. Akiliangalia tu, anadondoshewa dagaa mmoja. Angalia mpangilio: fagio kwanza, dagaa baadaye. Ukitanguliza dagaa, mbwa atajifunza kwamba dagaa ni dalili ya balaa linalokuja, na mwishowe utamharibia hata dagaa. Dagaa huyo pia ndiye kipimo chako. Mbwa mwenye njaa akimkataa dagaa, umesogea mno; rudi nyuma hatua tatu nne bila kumgombeza. Zoezi liwe la dakika tatu hadi tano, na mwache angali anataka zaidi. Siku atakayoliona fagio kisha akageuka kukutazama wewe, kana kwamba anauliza "dagaa yuko wapi?", ujue kazi imeanza kuingia. Ndipo unasogea hatua moja. Kisha fagio linainuliwa, kisha linatikiswa, kisha mtu anafagia kwa mbali. Kila badiliko ni kama kuanza upya.

Wageni nao wana utaratibu wao. Mgeni asimkodolee macho, asimwinamie, asimshike kichwa. Asimame kiubavu na kurusha dagaa nyuma ya mbwa, si mbele. Hivyo mbwa anapata chakula pamoja na nafuu ya kuwa mbali, halafu anarudi mwenyewe akitaka. Kumburuta mbwa kwa kamba hadi kwenye kitu anachokiogopa "ili azoee" kunaongeza hofu. Mbwa aliyetulia kwa kukata tamaa hajazoea.

Swali ninaloulizwa sana ni kama kumbembeleza kunamdekeza. Hapana. Hofu si tabia ya kutafuta zawadi. Radi za masika zikipiga, au fataki za mwaka mpya, mweke ndani, funga madirisha, washa redio, na akikufuata kaa naye. Awe pia na kona yake ambako hata watoto wa nyumbani hawaruhusiwi kumfuata. Dawa za binadamu usimpe. Wapo mbwa wanaohitaji dawa za kupunguza hofu, lakini hizo huandikwa na daktari wa mifugo.

Hofu ya ghafla ni jambo jingine. Mbwa aliyekuwa na amani akianza kujificha, huenda ana maumivu: sikio, jino, mgongo. Lakini akibadilika sauti, akitiririsha mate, akishindwa kumeza au kushambulia bila sababu, fikiria kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza mbwa akiwa na miezi mitatu. Kwa mbwa mwoga, atakayeng'ata kwa kujitetea, usiiahirishe.

Simba alirudi kwetu baada ya miezi mitatu, safari hii akitembea kwa miguu yake. Wanaume wenye kofia bado anawakwepa. Fagio analiruka kama kizingiti, na mgeni akiingia getini anabweka, kisha anarudi nyuma kusubiri dagaa. Mzee hajaridhika sana: anauliza lini ataanza kung'ata.