Siku nzima Dar bila kiingilio: tazama maji kabla ya ramani

Orodha nyingi za "sehemu za kutembelea Dar es Salaam" zinakupa mahali bila kukupa saa. Ndiyo maana mtu anafika Soko la Samaki Feri saa tano asubuhi, akakuta sakafu imemwagiwa maji na mnada umeshaisha. Mwingine anawapeleka watoto Coco Beach saa kumi jioni siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa kupita kawaida, akakuta bahari imekula mchanga karibu wote. Hapo hakuna aliyechagua mahali pabaya ila wote wawili walichagua saa mbaya. Kwa anayetaka kutembea jiji hili bila kulipa kiingilio, mimi huanza na bahari ndipo nipange mengine.

Hesabu yenyewe haihitaji programu ya simu. Maji ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua inapokuja: maji hujaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mno saa nne na nusu hadi saa tano, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Saa zinageuka, maji yanajaa saa nne hivi na kupwa saa kumi hivi, na tofauti ya kina ni ndogo. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu ukutani ni jedwali la maji tosha: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 na 9 pamoja na 22 na 23 ni maji mafu. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa saa nzima, nayo yanatosha kupanga matembezi. Kuvuka kwa ngalawa ni jambo jingine, hapo muulize nahodha.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta kidogo sana, ilhali saa ya tatu na ya nne peke yake huleta karibu nusu ya maji yote. Hapo ndipo watu wanapoponzwa kwenye miamba ya Coco. Wameenda mbali kutazama vidimbwi, wameona maji yanarudi polepole, wakaendelea kupiga picha, kisha ghafla njia waliyojia imefunikwa. Kanuni yangu ni kugeuka pwani mara tu maji yanapoanza kurudi, bila kungoja yafike miguuni. Na usiende mwambani na ndala. Jiwe la matumbawe linakata, na kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya nyayo.

Tuseme leo ni Jumamosi na ni bamvua. Asubuhi ianzie Feri, saa kumi na mbili na nusu, mbili kamili ukichelewa sana. Kuingia na kutazama hakulipiwi. Mnada wa jumla unakwenda kwa kasi na ni wa watu wanaojuana: dalali anataja bei, wanunuzi wanajibu kwa ishara ya mkono au kichwa, mzigo unaondoka. Usisimame katikati ya njia ya wabeba matenga, na vaa viatu vyenye soli ya kushika kwa sababu sakafu ina maji na magamba. Ukitaka kununua kidogo, subiri wachuuzi wapange mafungu yao mezani. Fungua matamvua uone kama ni mekundu na tazama jicho kama limetokeza na kung'aa. Jicho lililozama limekaa muda. Waparaji wapo palepale, na wakaangaji pia, kila mmoja na malipo yake, basi patana kabla hujamkabidhi samaki.

Jambo moja wageni hawalijui: dagaa hutegemea giza. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku, na mbalamwezi inapowaka bahari nzima taa hiyo haina nguvu tena. Kwa hiyo bamvua ya mwezi mpevu si wakati wa kutafuta dagaa wengi Feri, bali bamvua ya mwezi mwandamo. Maji ya siku hizo mbili yanafanana ilhali soko halifanani.

Mambo ya picha. Ikulu iko jirani, na eneo la bandari na kivuko lina ulinzi wake. Piga picha za samaki na za watu waliokuruhusu, ila usielekeze kamera kwenye majengo ya serikali, askari au mitambo ya kivuko. Walinzi hawatakuuliza kama ulikuwa unapiga mawingu.

Kutoka hapo unaweza kupanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Hili si bure kabisa, lakini sijui safari ya majini ya bei ya chini kuliko hiyo katika jiji lolote kubwa la pwani: nauli ya mtembea kwa miguu kwenye vivuko vya serikali ni shilingi 200, kiwango kilichozua maneno mengi kilipopanda kutoka 100 mwaka 2012. Malipo ni kwa kadi ya N-Card, kwa hiyo mjue mapema nani ana kadi yenye salio, la sivyo kundi zima litakwama getini. Epuka asubuhi ya siku za kazi, umati wote unapoelekea mjini. Panda ngazi, simama upande unaotazama mji, na utaona mlango wa bandari ulivyo mwembamba. Meli ya makontena ikipita pantoni linangoja. Asiyependa maji ana Daraja la Nyerere kule Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680. Magari hulipa tozo, watembea kwa miguu hawalipi.

Ukirudi, fuata Barabara ya Kivukoni na Sokoine Drive kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa usiposimama, lakini utasimama. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara mweupe na vigae vyekundu, lilijengwa na Wajerumani kuanzia 1898. Tazama juu ya madirisha yake, kila moja lina kijipaa chake cha vigae cha kuzuia jua na mvua. Mbele kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la miaka hiyohiyo, 1897 hadi 1902, nalo kwa kuta na mnara wake mrefu uliochongoka halikujali jua hata kidogo, ni Ulaya tupu. Yote mawili ni nyumba za ibada. Nje ya misa unaingia kimya, magoti na mabega yamefunikwa. Jumapili asubuhi usiende kutalii, nenda kusali au usiende.

Kwenye kona ya Barabara ya Morogoro liko Boma la Kale, na hapa ningependa utulie. Ndilo jengo linalokukumbusha kwamba Dar haikuanza na Wajerumani. Lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyetaka bandari yake mpya huku bara. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na mlango ni wa nakshi wa Kiunguja. Gusa ukuta upande wa kivulini saa nne asubuhi, kisha gusa jengo lolote la kioo lililo karibu. Hutahitaji mhadhiri wa ujenzi. Jirani yake kuna Nyumba ya Atiman, nayo ya zama za Sultani, iliyopewa jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni na kufanywa mtumwa huko Afrika Magharibi na baadaye akawa tabibu na katekista Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kutazama kwa nje hakuna gharama. Ndani, uliza mlangoni.

Panda sasa Mtaa wa Samora. Sanamu ya Askari imesimama kwenye mzunguko tangu 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, singe ya bunduki ikielekea bandarini. Inawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, jiji lilikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, wakaiondoa. Katikati ya mzunguko magari hayana huruma, kwa hiyo itazame ukiwa kando ya barabara. Wapagazi wale, wa kikosi kilichoitwa "Carrier Corps", kambi yao ilikuwa magharibi ya mji, na jina la kikosi likageuka mdomoni mwa wenyeji kuwa Kariakoo. Ukifuata Samora upande huo utapita Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji.

Je, uendelee hadi Kariakoo yenyewe? Kama unapenda majengo, ndiyo. Soko kuu lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege, na miavuli hiyo ilikusudiwa kukusanya maji ya mvua, si urembo tu. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Kama unataka kupumzika, usiende, na Jumamosi usiende kabisa na watoto wadogo.

Badala yake geukia Mtaa wa Shaaban Robert, saa tano hadi saa saba, jua likiwa la utosi. Bustani ya Mimea ilianzishwa na Wajerumani 1893 chini ya Franz Stuhlmann kujaribia mazao ya biashara. Imemegwa sana, ila kivuli kipo, na tausi wamezoeleka humo. Makumbusho ya Taifa iko hapohapo na inatoza kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Bila hicho unabishana na mtu ambaye hana mamlaka ya kukusaidia.

Mchana nenda Oysterbay, Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Hakuna kiingilio na hulazimiki kununua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kung'aa kwenye vibao vya mraba, akauawa kwa risasi ya polisi 1972 kwa kudhaniwa mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi, na mtindo una jina lake hadi leo. Tazama mpangilio wa kazi: kwanza mandhari yote ya nyuma, hukaushwa, kisha mnyama juu yake, mwisho nukta na mistari myembamba. Rangi hiyo hukauka taratibu, ndiyo maana mchoraji mmoja anakuwa na vibao vingi kwa wakati mmoja. Ukinunua, hakikisha haishiki kidole kabla ya kukunja turubai. Iliyokunjwa mbichi hubanduka.

Kutoka hapo hadi Coco ni mwendo mfupi wa bajaji, au chini ya nusu saa kwa miguu. Lakini kumbuka, leo ni bamvua na saa kumi maji yamejaa. Ungetaka miamba na vidimbwi ungekuja saa nne na nusu asubuhi na kuiacha Feri siku nyingine. Jioni hii kaa juu, kula mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili, tazama mawimbi. Uliza bei ya sahani kabla haijajazwa. Viti na meza ni vya wenye vibanda, ukikaa umeagiza. Wapiga picha wa ufukweni hupiga kwanza na kudai baadaye, basi kataa mapema na kwa adabu. Watoto waandikiwe namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, hasa sikukuu za Idi na Krismasi.

Na usingoje jua lizame baharini Coco. Bahari iko mashariki, jua linazama nyuma yako, juu ya nyumba. Anayetaka jua juu ya maji aje alfajiri, au jioni aende upande wa Ghuba ya Msasani unaotazama magharibi. Alfajiri mahali pazuri kuliko pote ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, kilomita moja na ushee juu ya maji, lenye njia ya waendao kwa miguu. Ingia saa kumi na mbili kasoro robo, simu ikiwa mfukoni wa ndani, si mkononi upande wa barabara.

Kwa mvua: masika, Machi hadi Mei, bonde la Msimbazi hufurika na barabara ya Jangwani kufungwa, kwa hiyo anayetoka Kimara au Ubungo aangalie hali ya barabara kabla ya kuondoka. Vuli hunyesha na kuacha, usiivunjie safari. Beba maji na sarafu za choo cha kulipia. Ukiwa Coco Jumapili, ondoka saa kumi na moja na nusu, kabla watu wote hawajanyanyuka. Tembea hadi Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na upandie daladala huko, kwa sababu zile za karibu na ufukwe hujaa kabla hazijasimama.