Kiasi gani cha mawimbi ya simu huingia kichwani?

Simu ikiwa sikioni, sehemu ya mawimbi yake ya redio hufyonzwa na kichwa na kugeuka joto. Wananchi wengi hutuuliza ni kiasi gani, na wana haki ya kujibiwa kwa namba. Marekani imeweka ukomo wa wati 1.6 kwa kilo ya tishu, kwa wastani ndani ya kila gramu 1 ya tishu hiyo. Ulaya ni wati 2, kwa wastani wa gramu 10. Kwa kuwa hatuwezi kuchomeka kipimo kwenye ubongo wa mtu aliye hai, tunaikokotoa hali hiyo kwa kompyuta.

Kanuni zenyewe za umeme na sumaku ni za mwanafizikia James Clerk Maxwell, za tangu karne ya 19. Mwaka 1966 Kane Yee alionyesha namna ya kuzigawa: nafasi yote inakatwa vichemraba vidogo, kisha nguvu za umeme na sumaku za kila kimoja zinakokotolewa kutokana na za jirani zake, hatua kwa hatua.

Kazi ngumu iko kwenye kichwa chenyewe. Ngozi, mafuta, mfupa na ubongo hupitisha mawimbi kwa namna tofauti, na kila tishu hizo zinapokutana, mawimbi hupinda, mengine hurudi, mengine hutawanyika. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hewani, lakini ndani ya ubongo wenye maji mengi hubaki kama sentimita 5. Hivyo vichemraba lazima viwe vidogo. Tukichukua vya milimita 2, kisanduku cha hesabu kinachozunguka kichwa, cha sentimita 40 kila upande, kinabeba vichemraba milioni 8, na kila hatua ya muda haiwezi kuzidi sehemu 4 za trilioni za sekunde. Ukipunguza kichemraba kwa nusu, kazi inaongezeka mara 16, maana vichemraba huwa mara 8 na hatua za muda mara 2!

Tena wimbi likifika ukingoni mwa kisanduku lingerudi kama mwangwi na kuharibu hesabu. Mfaransa Jean-Pierre Bérenger alitatua hilo mwaka 1994 kwa tabaka la kubuni linalolimeza.

Binafsi siamini jibu la kompyuta lisilolinganishwa na vipimo. Maabara hutumia kichwa cha plastiki chenye kimiminika kinachofanana na tishu, na roboti huzungusha kipimo ndani yake huku simu ikirusha kwa nguvu yake ya juu kabisa. Mtandao ukiwa mzuri, simu yako hurusha kwa nguvu ndogo kuliko hiyo.