Mshawishi wa mtandaoni ni nani hasa?

Mshawishi wa mtandaoni ni mtu ambaye neno lake huwafanya wanaomfuata wanunue kitu, wakijaribu au wakiache. Kujulikana tu hakutoshi. Klipu ya mtu aliyeteleza kwenye ngazi inaweza kutazamwa na mamilioni kwa siku mbili, na wiki inayofuata hakuna anayemkumbuka. Huyo amevuma, hajawa mshawishi.

Ushawishi wa mtandaoni ulianza kuwa kazi mwaka 2007, YouTube ilipoanza kugawana mapato ya matangazo na wanaotengeneza video. Siku hizi, kwa video ndefu, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato hayo, na njia mojawapo ya kufuzu kupata mgao huo ni kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Njia nyingine ya kipato ni kampuni kumlipa mtu kwa kila posti.

Kampuni nyingi hukosea kwa kuhesabu wafuasi badala ya kupima mwitikio. Chukua posti 10 za karibuni, jumlisha laiki, komenti na idadi ya walioshea, gawanya kwa 10 upate wastani. Gawanya wastani huo kwa idadi ya wafuasi, kisha zidisha kwa 100. Mwenye wafuasi 8,000 na wastani wa 480 ana asilimia 6. Mwenye wafuasi 400,000 na wastani wa 2,000 ana nusu asilimia. Linganisha akaunti zinazokaribiana ukubwa, maana mwitikio hushuka kadiri wafuasi wanavyoongezeka.

Halafu soma komenti zenyewe, hili halina mbadala. "Ngozi yangu ni kavu, itanifaa?" ni swali la mtu anayefikiria kununua. Vikopa vitupu kutoka akaunti zisizo na picha ni dalili ya wafuasi wa kununuliwa. Hao hawanunui kitu, na mtandao ukiamua kusafisha hufutwa kwa mkupuo: Desemba 2014 Instagram ilipoondoa akaunti bandia, baadhi ya mastaa walipoteza mamilioni ya wafuasi.

Kinachoua imani upesi zaidi ni tangazo lililofichwa. Nchini Marekani, mamlaka inayolinda walaji inataka mshawishi aseme wazi kwamba amelipwa, na kama ni video, aseme ndani ya video yenyewe, si kwenye maelezo ya chini peke yake. Bidhaa aliyopewa bure nayo huhesabiwa kuwa malipo.