Faili la binari la gridi: maana yake, na jinsi ya kusoma mvua ya Mtwara humo

Gridi ni ramani iliyokatwa vyumba vidogo mithili ya wavu, kila chumba na thamani yake, tuseme milimita za mvua. Faili la binari huzipanga thamani hizo kama baiti tupu, moja baada ya nyingine, bila koma wala tarehe. Halijielezi. Maelezo yake hukaa pembeni, kwenye faili dogo la maandishi la .hdr au .ctl, na ukilipoteza hilo utabaki kubahatisha.

Tuchukue CHIRPS, makadirio ya mvua yanayoanzia 1981, yanayochanganya setilaiti na vituo vya ardhini. Gridi ya toleo lake la 2.0, ya nyuzi 0.05, ina mistari 2000 na safu 7200, kutoka nyuzi 50 kaskazini hadi 50 kusini. Kwa baiti 4 kila namba, faili la .bil (aina ya faili la binari la gridi) la kipindi kimoja lazima liwe na baiti 57,600,000 kamili. Pima ukubwa kabla ya kuandika msimbo wowote. Zikizidi 8, huenda liliandikwa kwa Fortran, lugha ya programu inayoweka alama ya baiti 4 mwanzoni na nyingine mwishoni mwa rekodi.

Kwa Python (-9999 ni alama ya chumba kisicho na data, nan ni ya thamani isiyokuwepo):

import numpy as np
a = np.fromfile("mvua.bil", dtype="<f4")
a = a.reshape(2000, 7200)
a[a == -9999] = np.nan
print(a[1205, 4403])

Ukigeuza ukaandika reshape(7200, 2000), Python haitalalamika kwenye mstari huo, maana idadi ya namba ni ileile. Ramani ndiyo itakayochanika.

Chumba 1205, 4403 ni Mtwara mjini (nyuzi 10.27 kusini, 40.18 mashariki; safu huanzia nyuzi 180 magharibi): (50 + 10.27) ÷ 0.05 ni 1205 na kitu, na (180 + 40.18) ÷ 0.05 ni 4403 na kitu. Hesabu huanzia 0, kwa hiyo desimali hutupwa, hazikadiriwi kwenda juu.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mafaili ya .bil huanza kaskazini, ya GrADS (programu ya kuchora ramani za hali ya hewa) kwa kawaida huanza kusini, isipokuwa .ctl iwe na neno yrev. Faili lililoanza kusini ukilisoma kwa namba hizo, mstari wa 1205 unaangukia nyuzi 10.27 kaskazini, yaani Ethiopia. Namba zitapendeza tu, ila mvua itajaa Julai na Agosti, wakati Mtwara ni kusi, jua kali na mikorosho inachanua. Kwetu mvua ni kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Basi jaribu kwanza Januari na Julai.

Mpangilio wa baiti nao una hila yake. Alama "<" maana yake baiti ndogo hutangulia. ">" ni kinyume. Ukikosea, 1.0 husomeka takriban 4.6e-41, lakini 0 hubaki 0, kwa hiyo mwezi mkavu utaonekana sawa kabisa. Tazama baharini badala yake: CHIRPS ni ya nchi kavu pekee, kwa hiyo kabla ya kubadilisha kuwa nan, safu chache mashariki ya Mtwara lazima ukute -9999. Usipoikuta, geuza alama.

Na usiisahau kwenye wastani wa pwani. Chumba kimoja cha -9999 kati ya 20 hushusha wastani kwa milimita 500 hivi. Tumia np.nanmean, np.mean ya kawaida itakurudishia nan.