Rivolva ya .22 inapogoma: mkono mwepesi, pigo zito

Juzi mzee mmoja tunayesali naye hapa Ohio aliniletea Smith & Wesson Modeli 17, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .22, yaani ya risasi nyembamba, inayobeba risasi sita. Baada ya shikamoo akaiweka mezani kwa madaha. "Fundi, hebu vuta mwenyewe." Nikafungua silinda, nikahakikisha ni tupu, nikatia risasi za bandia, nikavuta kifyatulio. Laini kama siagi.

"Sasa tatizo nini, mzee?"

"Inagoma. Nikijaza sita, mbili hazilii."

Nikaanza na mpini, upande wa mbele chini, kwenye skrubu inayoikaza springi bapa ya nyundo. Mzee alikuwa ameitoa na kuila ncha kwa tupa, springi ikalegea. Ni njia ya mkato ya siku nyingi, na kwenye rivolva ya .38, ya risasi nene zaidi, unaweza ukabahatika nayo. Kwenye .22 huponi.

Sababu iko kwenye risasi yenyewe. Ya .38 ina fataki, kikombe kidogo chenye dawa ya kulipua, katikati ya kitako, na ndani ya fataki kuna kijichuma. Pini ikigonga, dawa inabanwa hapo na kulipuka. Ya .22 haina kitu hicho. Dawa yake imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini haina budi kuuponda ukingo huo juu ya mdomo wa chemba, lile tundu la silinda linalobeba risasi. Kuponda shaba kunataka pigo la maana. Ndiyo maana rivolva nyingi za .22 hutoka kiwandani na mvuto, yaani nguvu ya kuvuta kifyatulio, wa paundi 10, 12, hata zaidi: kilo nne na nusu, tano na ushee, kwenye kidole kimoja.

Kwa hiyo springi ya nyundo mimi siigusi. Ulaini nautafuta kwenye msuguano. Nyuma ya kifyatulio kuna kipande cha chuma cha mstatili, kimebeba springi ndogo, kinateleza nyuma ukivuta na kurudi mbele ukiachia. Kigeuze utazame tumbo lake: mara nyingi limejaa mistari ya mashine. Natandika msasa wa maji namba 600 juu ya kioo, nakisugua taratibu mpaka mistari ianze kupotea, namalizia na namba 1000, kisha napaka grisi kiduchu. Meno ya nyundo na ya kifyatulio naachana nayo kabisa. Ugumu wake ni wa juujuu tu. Ukiuvuka, nyundo inaweza kuponyoka siku usiyoitegemea.

Springi ndogo ya kurudishia naweza kuweka iliyo nyepesi kidogo. Ikizidi wepesi, kifyatulio kinarudi kwa uvivu na kidole kinakitangulia.

Halafu kuna wezi wa nguvu ya nyundo. Mkubwa ni uchafu. Masizi yakijaa kwenye chemba, risasi haikai mpaka mwisho, na nyundo inamaliza nguvu kuisukuma mbele badala ya kuiponda. Risasi ikigoma, kisha ikilia ilipopigwa tena palepale, safisha chemba kwanza kabla ya kulaumu springi. Ikigoma palepale lakini ikalia ulipoizungusha, huenda dawa haikufika sehemu ile ya ukingo. Mwizi mwingine ni silinda inayocheza mbele na nyuma.

(Risasi za bandia nilizotia ni vile vidude vya plastiki vya ukutani vya kushikia skrubu, namba 4. Ukivuta .22 ikiwa tupu, pini inaweza kugonga mdomo wa chemba na kuuchimba.)

Majaribio nafanya kwa kuvuta moja kwa moja, bila kwanza kurudisha nyundo nyuma kwa dole gumba, kwa sababu kwa kuvuta hivyo nyundo husafiri umbali mfupi zaidi na hupiga kwa nguvu ndogo zaidi. Ikilia hivyo, kwa dole gumba haina sababu ya kugoma. Risasi 200, za aina tatu. Ikigoma moja, mtutu unabaki kwenye shabaha sekunde 30 kabla sijafungua silinda.

Ya mzee nilitia skrubu mpya, nikasugua, nikasafisha. Ilikuja na paundi 7, ikaondoka na 9 na nusu.

"Mbona ile yangu ilikuwa laini zaidi?"

Nikampa sanduku la risasi 50. Zikalia zote. Akaokota ganda moja, akalitazama ukingoni palipobonyea, akalitia mfukoni.